Maneno ya Njiani

Muuguzi wa hospitali ya Kirotshe aliniuliza mgonjwa ni nani wangu, kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imepita na alikuwa anaruhusu ndugu tu. Nikamwambia ni mwalimu wangu. "Wa nini?" akauliza, nadhani kwa kunichosha tu nirudi nilikotoka. Hakutufundisha hesabu, wala Kifaransa, wala ile mito ya Afrika tuliyoikariri mpaka tukaiota. "Wa maisha," nikasema mwishoni, na nikajisikia mjinga, bibi mwenye wajukuu kusema neno kama hilo mlangoni pa hospitali. Alinitazama, akatazama kikapu changu kilichokuwa kinanukia sombe, yaani kisamvu, akasogea nipite. Madame Vumilia alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, mguu mmoja umefungwa bendeji kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, amekonda hata shingo yake ndefu ikazidi kuwa ndefu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimekaa sawasawa. Mwanamke huyo hata akizama ziwani atatoka na kitambaa kimekaa sawasawa.

"Ni nani?" akauliza, maana macho nayo yalikuwa yamepungua. Nikamwambia ni Sifa, wa Kibabi. "Sifa gani? Ba Sifa beko bengi." Nikamwambia, yule wa kimya. Akatafuta kichwani, kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo kama lilivyokuwa likianza zamani. "Ah. Wewe njo ule mutoto hakuomba." Nikasema ndiyo, Madame, ni mimi. "Kalasi yote iliomba. Wewe peke yako hukuomba. Nilikupa alama ya chini." Nikasema, ulinipa. Akanishika mkono akauweka juu ya shuka, na tukakaa hivyo, yeye akipumua polepole, mimi nikiitazama mboga ikipoa ndani ya kikapu. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwambia, na hata siku hiyo sikumwambia.

Alikuja kwetu kutoka Walikale, kule msituni, mwaka ambao mimi nilikuwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Wakati huo yale madarasa mawili ya mwanzo yaliitwa ya orientasio, yaani mtoto aonyeshwe njia, ingawa njia yenyewe hakuna aliyetuonyesha mpaka yeye alipofika. Kwenye ratiba kulikuwa na saa moja iliyoandikwa neno hilo, na walimu wengine waliitumia kuvuta sigara nyuma ya jengo. Madame Vumilia aliichukua ile saa kama mtu aliyepewa shamba zuri ambalo wenyewe hawalitaki. Alitufundisha kunyoosha shati kwa pasi ya makaa bila kuliunguza, kushona kifungo kisichotoka, kukataa bila kutukana, kufika mahali mapema na kungoja bila kulalamika. Alituuliza kila mmoja anataka kufanya kazi gani akiwa mkubwa. Kwa kuwa hatukuwahi kuulizwa, nusu ya darasa ilisema padri na nusu ikasema dereva wa lori, wasichana pia, na yeye akaandika yote ubaoni bila kucheka.

Alipanga chumba katika nyumba ya mbao karibu na shule, chumba kimoja chenye kitanda, meza, na bidoni, yaani dumu, la mawese alilokuja nalo kutoka kwao. Siku za mvua alituita wasichana wachache tukae jikoni kwake. Alipika sombe kwa mawese mengi mpaka sahani zetu zikawa nyekundu, na sisi watoto wa mlimani, tuliolelewa kwa viazi na maharage na maziwa, tulikula kwa adabu kwanza, kisha kwa uroho. Yeye kwa upande wake alikuwa anaogopa ng'ombe. Kwao msituni hakuna ng'ombe, alisema, kuna mnyama anayekukimbia, siyo anayekufuata akikutazama machoni. Maziwa ndiyo hakuyaweza kabisa. Mama yangu alikuwa anamtumia chupa ya maziwa kila mara niliposhuka shuleni, na Madame aliipokea kwa mikono miwili, akishukuru kwa maneno marefu. Pale Kirotshe, baada ya miaka hii yote, alinivuta karibu na kuniambia kwamba yale maziwa yote aliyanywa paka wa mwenye nyumba. "Ule paka alinenepa mpaka akashindwa kukamata panya," akasema, na akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

Muhula wa pili alituambia kwamba kila mtoto atatafuta mtu mwenye kazi yake, fundi, mshonaji, mwenye duka, mfugaji, amwombe ajifunze kwake kila Jumamosi mpaka mwaka uishe. Siyo yeye atakayetuombea, wala wazazi. Sisi wenyewe. Na kwa kuwa kuomba nako ni kazi, alitufundisha: bisha mlango, simama wima, mtazame mtu usoni, taja jina lako, sema shida yako kwa sentensi moja. Tulirudia mpaka tukaimba. Hatukumwambia kitu. Nasi tulijua, kama tulivyojua majina yetu, kwamba kwetu mgeni hasemi kilichomleta akiwa mlangoni. Mgeni anaingia, anaketi, anaulizwa habari za ng'ombe, za shamba, za mvua, anapewa chochote kilichopo jikoni, anakula, anaaga. Mwenyeji anatoka naye kumsindikiza, na ni hapo njiani, wanapotembea bega kwa bega bila kutazamana, ndipo mgeni anasema, unajua, nilikuwa na neno. Hapo hata ukikataliwa huna aibu, maana uso wako hakuna aliyeuona na nyumba haikusikia. Neno linalosemwa mlangoni, kwa kusimama, kabla ya kuketi, ni la aina moja tu, nalo ni la msiba. Tulijua hayo yote. Lakini mwalimu akishasema, nani atamsahihisha?

Wa kwanza kwenda alikuwa Bahati, mtoto aliyekuwa hodari wa kila jambo na ndiyo maana alichaguliwa kutangulia. Alikwenda kwa Mama Neema, mshonaji, ambaye kijana wake mkubwa alikuwa anasoma Goma. Bahati akabisha, akasimama wima kama askari, akamtazama machoni, akasema, "Jina langu ni Bahati. Nimetumwa na shule. Niko na neno." Mama Neema hakungoja sentensi iishe. Aliangusha kitambaa alichokuwa anashona, akashika kichwa, akapiga yowe lililosikika mpaka sokoni. Bahati alijaribu kusema kwamba anataka kujifunza cherehani, lakini nani atamsikia mtoto anayezungumza habari za cherehani wakati wa kilio? Majirani wakaja mbio, wanawake wakiwa wamejifunga vitenge kiunoni, mzee mmoja akaanza kupasua kuni za matanga, na mtu alikuwa ameshatumwa kwa padri kabla Mama Neema hajapata pumzi ya kuuliza, "Alikufa na nini?" Bahati, machozi yakimtoka, akajibu, "Nani?"

Mkuu wa shule alikasirika sana, na kulikuwa na maneno ya kwamba hiyo saa ifutwe. Madame Vumilia hakujitetea. Alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa Mama Neema kuomba radhi, nasi wasichana tukamfuata kwa mbali. Naye masikini akafanya tena lile lile, akaanza kusema radhi akiwa mlangoni. Mama Neema, aliyekuwa bado na sauti ya mafua ya kulia, akamkata: "Kwanza ikala, Madame. Kwanza kula." Akamkalisha, akampa viazi vya kuchoma, na kikombe cha maziwa. Tuliona kupitia ufa wa mbao Madame akikitazama kile kikombe kama mtu anayetazama mto uliofurika na daraja limekwenda na maji. Akakinywa chote. Walipotoka na Mama Neema kumsindikiza, tulijificha nyuma ya ua, tukawasikia wakitembea. "Kwetu," Madame alikuwa anasema, "mugeni akinyamaza, batu banaogopa. Banasema huyu alileta nini? Njo maana tunasema mbio." Mama Neema akajibu, "Kwetu ule wa mbio njo tunaogopa." Wakacheka wote wawili. Kabla hawajaachana, Bahati alikuwa ameshapata mahali pake kwenye cherehani.

Wiki iliyofuata hakutufundisha upya kana kwamba hakukosea. Alisimama mbele yetu akasema alitufundisha namna ya kwao na namna ya vitabu, na kwamba yote ni mazuri mahali pake, maana iko siku mtaomba kazi Goma au mbali zaidi kwa mtu asiye na nafasi ya kukusindikiza. Lakini hapa, akasema, mutaomba sawa vile hapa. Tukageuza darasa kuwa kijiji. Benchi likawa nyumba, njia ikapita kati ya madawati, ikatoka nje na kuuzunguka uwanja, na tulikwenda wawili wawili, mwenyeji na mgeni, tukizungumza habari za mvua mpaka mgeni apate moyo. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea nyuma yetu akisikiliza, na mgeni akizidi kuchelewa alikuwa anakohoa. Kwangu mimi alikohoa mpaka koo likamkauka. Nilizunguka uwanja nikiwa na maneno yote kichwani, yamepangika vizuri, na ulimi umekufa. Ndivyo nilivyokuwa. Watu walisema nimetulia. Sikuwa nimetulia, nilikuwa naogopa sauti yangu.

Nyumba zetu za mbao hazifichi kitu. Jioni moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikichambua maharage, nikamsikia mama akizungumza na mjomba. Shangazi yangu wa Goma alikuwa amejifungua tena na alikuwa anataka msichana wa kumlelea watoto. "Sifa iko mutoto wa kimya," mjomba alikuwa anasema, "atalea muzuri. Na huku anasoma juu ya nini? Mwaka ikiisha anaikala tu." Nilimsikia mama akichochea moto. Kisha akasema jambo ambalo nililibeba kwa wiki nyingi: "Kama apate mutu wa kumufundisha kazi hapa, atabaki na ataendelea na masomo. Kama hapana, aende." Siku ya kuondoka nayo ilitajwa, mwanzo wa likizo kubwa. Sikuwa na chuki na shangazi, wala na watoto wake. Lakini niliyajua maisha ya wasichana waliokwenda mjini kulea watoto wa ndugu. Hakuna aliyewahi kurudi darasani. Basi zoezi la Madame Vumilia, lililokuwa mchezo kwa wengine, kwangu likawa ndilo maisha yenyewe: niombe nibaki, au ninyamaze niende.

Na nilijua pa kuomba. Juu ya shule yetu, ukipita malisho, kulikuwa na nyumba ya fromaji ya Papa Zakaria. Kwingine wanasema jibini. Sisi tulisema fromaji, na wengi wetu hatukuila, ilikuwa kitu cha kupelekwa Goma. Asubuhi wanaume walishuka na mabidoni ya maziwa kutoka vilimani, yakamwagwa kwenye sufuria kubwa juu ya moto wa kuni, na Papa Zakaria akatia dawa ya kugandisha, akafunika, akangoja. Nilikuwa nikipita pale kwa makusudi. Kilichonivutia ni kile chumba cha nyuma, chenye giza la ubaridi na rafu za mbao mpaka juu, ambako fromaji zilipangwa za mviringo, kila moja ikigeuzwa kila siku na kupanguswa kwa maji ya chumvi. Hakuna aliyepaza sauti mle ndani. Nilisimama siku moja mlangoni nikaona mkono wake ukigeuza moja, ukaipapasa kama unavyompapasa mtoto mgonjwa kuona kama homa imeshuka, ukaenda kwa nyingine. Nikajua kwamba kazi hiyo ningeiweza. Ila ilikuwa kazi ya wanaume. Kwetu msichana hakami ng'ombe, na kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe mpaka kwenye sufuria watu hawakuona tofauti kubwa.

Wenzangu wote walikuwa wamekwisha kuomba siku nilipopiga moyo konde nikapanda. Papa Zakaria alikuwa mtu mrefu, mzee kidogo, mjane, mwenye maneno machache kama mimi, jambo ambalo lilizidisha hatari. Alinikaribisha, akanipa kiti. Nilimuuliza habari za ng'ombe, akasema ziko nzuri. Aliniuliza habari za mama, nikasema iko muzima. Alileta viazi na maharage, na kipande cha fromaji pembeni ya sahani, nami nikaila kwa mara ya kwanza maishani, ya chumvi, ngumu kidogo, yenye harufu ya zizi na ya kitu kingine kizuri ambacho sikuwa na jina lake. Nikaaga. Akachukua fimbo yake, tukatoka.

Njia ilikuwa inashuka katikati ya malisho. Kwa desturi mwenyeji anakufikisha mpaka mahali fulani, kwenye mti au kwenye kona, na kama huna neno anakuaga hapo na kurudi. Tulifika kwenye kona. Nilifungua mdomo, nikasema majani mwaka huu ni mengi. Akasema ndiyo, ni mengi. Hakurudi. Tulifika kwenye mikaratusi. Nilisema mvua itanyesha. Akatazama mbinguni, hakukuwa na wingu, akasema, "Inaweza." Akaendelea kutembea. Tulivuka mto, yeye akitangulia kwenye mawe na kuninyooshea fimbo nishike. Nilikuwa nalia ndani kwa ndani, nikijiambia, sema sasa, sema kabla ya lile jiwe, kabla ya lile shamba, na mawe na mashamba yakapita yote. Hakunitazama hata mara moja. Leo nafahamu kwamba ilikuwa heshima. Mtoto ana neno, na mwenyeji hawezi kumwacha mgeni mwenye neno njiani, basi alitembea tu, na magoti yake mabovu, mpaka moshi wa jiko letu ukaonekana na mimi sikuwa nimesema kitu.

Mama alishangaa. Alipangusa kiti, akamkaribisha, akasonga bugali haraka na kupika lengalenga, mchicha wetu wa nyumbani. Mimi nilimnawisha mikono Papa Zakaria bila kuinua macho, nikijua kwamba yamekwisha. Walizungumza habari za mbuzi, za bei ya chumvi, za jirani aliyevunjika mguu. Alikula vizuri, akasifu mboga, akaaga. Naye sasa ndiye alikuwa mgeni. Tukatoka mimi na mama kumsindikiza, kama inavyotakiwa, tukapita migomba, jua likiwa bado juu ya kilima. Hapo, akitazama mbele, akasema, "Mama Sifa, nilikuwa na neno."

Mama akasema, "Sema, Papa."

"Kazi ya fromaji inanishinda. Vijana bangu bote banakwenda Walikale kuchimba madini. Nilikuwa naomba muniazime huyu mutoto. Siku za masomo asome. Jumamosi na vakansi akuye kwangu, nimufundishe."

Nilisimama. Wao hawakusimama, ikabidi nikimbie kidogo kuwafikia.

"Iko mutoto mwanamuke, Papa," mama akasema.

"Niko naona. Ng'ombe sitamupa akamue. Maziwa ikishafika mu sufuria, haiulize nani ni mwanaume."

"Shangazi yake anamungojea Goma."

"Ku Goma beko batoto bengi ba kulea bengine." Alitembea hatua kadhaa. "Ile kazi inataka mutu wa kimya. Mutu wa makelele anasahau kugeuza. Nilitafuta sana mutu wa kimya."

Hakuna mtu aliyewahi kukiita kimya changu kitu cha kutafutwa. Mama akageuka, yeye ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza watoto, akanitazama usoni pale pale njiani. "Wewe unasema nini?"

Sauti ilitoka. Ilikuwa kubwa mno, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na mbuzi wa jirani akaruka. "Nataka kubaki, mama. Nataka kujifunza ile kazi."

Mama akajifunga kitenge upya na kugeuka kurudi kwenye sahani zake. "Basi musindikize Papa mpaka ku mutoni," akasema bila kutazama nyuma. "Na umuulize Jumamosi unaanza saa ngapi."